Siku Mkasi wa Shangazi Ulipopotea

Hakukigusa kitambaa. Hilo ndilo jambo la kwanza Kimya aliloliona kwa yule mteja, kabla hajaona viatu vyake vipya wala kusikia sauti yake ya upole.

Watu wote wanaonunua kitambaa hukigusa. Hawajui kama wanafanya hivyo, lakini hufanya. Wengine hukisugua kwa kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayeonja unga wa mahali asipopaamini. Wengine hukibana kwenye ngumi, wakakiachia, wakaangalia kama kimejikunja. Wapo wanaokivuta kuona kama kinanyumbuka, na kuna mama mmoja mshonaji wa magauni ambaye hukiweka shavuni na kufumba macho, mpaka Shangazi amwambie, "Mama, ukilala tutakutoza na kitanda."

Yule mteja alisimama mbele ya kaunta siku ya Jumanne, mikono mfukoni, akaonyesha kwa kidevu jora la gabardini nyeusi lililokuwa kwenye rafu ya juu.

"Lile. Mita kumi na mbili. Tunashona sare za wafanyakazi."

Shangazi akamtajia bei. Mteja hakuomba apunguziwe hata senti. Alitoa simu, akabonyeza bonyeza, na simu ya duka, iliyokuwa ikikaa ndani ya kikapu kidogo cha plastiki kilichotundikwa kwenye msumari, ikalia ti! Shangazi akaichungulia.

"Imeingia," akasema, na mkasi ukawa tayari mkononi.

Mkasi ule ulijulikana mtaa mzima. Ulikuwa mweusi, mrefu kama mkono wa mtoto, mpini wake umeviringishiwa kitambaa chekundu, na hakuna aliyeruhusiwa kuushika ila Shangazi mwenyewe. Aliusukuma tu, hakufungua wala kufunga, nao ukapita kwenye kitambaa kwa mlio mmoja, hrrrr, moja kwa moja kama mstari wa rula. "Duka la jirani utazeeka kwenye foleni," alikuwa akiwaambia wateja. "Kwangu simu ikilia, mkasi unaitika." Na kitambaa kikishakatwa, kimeuzwa. Hakuna namna ya kukirudisha kwenye jora.

Mteja akabeba mzigo wake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Kimya, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake nyuma ya kaunta akipanga zipu kwa urefu, alimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Mtu gani anunue mita kumi na mbili bila kugusa hata uzi? Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akaendelea na zipu zake.

Jina la Kimya alipewa na Fundi, yule mshona nguo aliyeweka cherehani yake barazani mbele ya duka. Miaka miwili iliyopita, msichana alipoletwa na baba yake kuja kumsaidia Shangazi, dada wa baba huyo, alikaa siku nzima bila kutoa neno. Jioni Fundi akauliza, "Mama, huyu mtoto umemleta na sauti yake au imesahauliwa nyumbani?" Tangu hapo akawa Kimya, na mwenyewe hakuona ubaya. Jina lilimpunguzia kazi. Mtu anayeitwa Kimya hakuna anayemshangaa akinyamaza.

Jumatano asubuhi Shangazi alitaka kumtumia pesa muuzaji wa jumla amletee bitana na lastiki. Simu ikamwambia salio halitoshi. Akajaribu tena. Simu ikashikilia msimamo wake. Shangazi akaketi juu ya mfuko wa vifungo, akatazama ukuta.

"Nimeingizwa mjini," akasema. "Mimi. Na mvi zangu."

Shida ni kwamba Jumanne watu kumi na mmoja walikuwa wamelipa kwa simu, na Shangazi hakujua yupi alikuwa ametuma ujumbe wa uongo. Simu yenyewe haikumsaidia. Ilikuwa imeanguka kutoka kwenye kikapu chake mwaka uliopita, na kioo kikapata ufa na weusi pale juu kabisa, mahali panapoonekana jina la aliyetuma ujumbe. Shangazi hakuwahi kuipeleka kwa fundi simu. "Cha nini? Ninachotaka kiko chini," alisema siku zote, akimaanisha neno moja tu, lile la kwamba pesa imepokewa. Akiliona hilo, anashika mkasi.

Hakumwambia mtu yeyote mtaani. Aibu ilimshika. Alimwambia binti yake tu, ambaye Kimya alimwita Dada, naye akaja Alhamisi mchana akitokea ofisini, mkoba begani, akasimama katikati ya duka kama mkaguzi.

"Mama, hapa kaunta panataka mtu mwenye macho mepesi," akasema. "Nina rafiki yangu, mdogo wake amemaliza sekondari. Anasoma simu kama anakunywa maji. Jumatatu aanze."

"Na huyu?" Shangazi akauliza.

Dada akamtazama Kimya, si kwa ubaya, ila kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kiti kilichozidi. "Huyu arudi kwa Mjomba apumzike. Kwani hapa anafanya nini zaidi ya kupanga zipu? Halafu, Mama, sisemi kitu, lakini simu inakaa karibu yake kutwa nzima."

Shangazi akageuza uso. Hakusema ndiyo, lakini hakusema pia, "Koma, huyo ni mtoto wa ndugu yangu." Kimya alilisikia lile lililokosa kusemwa kuliko yote yaliyosemwa. Nyumba ya baba yake ilikuwa na vyumba viwili na wadogo zake watano. Huko hakukuwa na kigoda, hakukuwa na majora ya rangi kumi na saba, hakukuwa na sauti ya cherehani ya Fundi ikikimbia barazani. Alikuwa amejifunza kutaja vitambaa vyote akiwa amefumba macho, kwa vidole tu. Akirudi, ujuzi huo angeupeleka kwenye nini, kwenye mashuka ya wadogo zake?

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua. Kila siku mchana, Shangazi akienda nyuma kula, Kimya alikuwa akiitoa simu kikapuni na kusoma ujumbe wa malipo. Hakuwa mwizi. Alikuwa akijifunza kusoma. Vitabu vilimshinda kwa sababu kila ukurasa una mambo mapya, lakini ujumbe wa malipo ulikuwa rafiki: umepokea, kiasi fulani, kutoka kwa fulani, saa fulani, salio lako jipya ni fulani. Wa leo kama wa jana. Alipitisha kidole neno kwa neno, midomo ikicheza, na kwa kuwa alienda polepole, alifika mpaka mwisho. Shangazi hakuwahi kufika mwisho. Hakuna mtu anayefika mwisho.

Na mwishoni ndiko kulikokuwa na utamu. Salio la ujumbe mmoja lilishikana mkono na salio la ujumbe uliofuata, kama watoto wanaovuka barabara. Ikiingia elfu mbili, salio linapanda elfu mbili. Pesa ikitolewa, nao ujumbe wake unaonyesha limeshuka kiasi gani. Kimya alikuwa akiufuata mlolongo ule siku hadi siku, kama wengine wanavyofuata mchezo wa redioni.

Alhamisi ile, Dada alipoondoka na Shangazi akaenda kula, Kimya aliisoma Jumanne yote. Ujumbe wa saba ulikuwa umeuachia mkono wa mwenzake. Salio lake halikutoka popote na halikwenda popote. Ule wa nane uliendelea na wa sita kana kwamba wa saba haukuwahi kuwepo. Na wa saba ulikuwa wa mita kumi na mbili za gabardini nyeusi.

Alirudisha simu kikapuni.  Angesemaje? Angeanza na lipi? Kwamba anashika simu asiyoruhusiwa, siku ambayo Dada ametoka kusema simu inakaa karibu yake? Akapanga zipu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jumamosi duka lilijaa. Saa nne hivi, kelele ziliposhuka kidogo, mlango ukapata kivuli. Yule mteja. Safari hii alivaa shati la samawati, na viatu vyake bado viling'aa kama sufuria mpya.

"Bosi wa sare!" Shangazi uso ulimchangamka, hajui, maskini. "Karibu, mwanangu. Wengine mkikosekana tunaugua."

"Nimerudi, mama. Kazi imependwa. Safari hii nataka ya buluu, mita ishirini, na bitana yake."

Mikono mfukoni. Kidevu kikaonyesha jora. Shangazi akalishusha, akalitandaza juu ya kaunta, akapima kwa mita ya mbao, moja, mbili, tatu. Kitambaa kilimwagika mbele ya yule mtu kama maji, na yeye alikuwa akitazama kikapu cha simu.

Kimya alijikaza kisabuni. Sauti haikutoka, kwa hiyo alitumia alichokuwa nacho. Mkasi ulikuwa kwenye kona ya kaunta, karibu na kiwiko chake. Akauteremsha taratibu, akauweka juu ya kigoda, akaukalia.

Ti!

Shangazi akachungulia simu. "Imeingia." Akapeleka mkono kwenye kona ya kaunta, ukarudi mtupu. Akanyanyua kitambaa, akatazama chini. Akafungua droo. "Mkasi wangu uko wapi?"

"Labda umeenda kula," Fundi akasema kutoka barazani, bila kusimamisha cherehani.

"Fundi, umechukua mkasi wangu?"

"Mimi? Mama, ule mkasi nikiushika utaniuma. Unajua mimi si mwenyewe."

"Basi, mama," mteja akasema kwa upole wake, "nina haraka kidogo. Chukua mkasi wowote."

"Wowote?" Shangazi akashika kiuno. "Ungekuwa daktari ungechukua sindano yoyote? Kimya, hebu inuka unisaidie kutafuta."

Kimya hakuinuka.

"We mtoto, husikii?"

"Shangazi," Kimya akasema, na cherehani barazani ikasimama, kwa sababu Fundi hakuwahi kusikia neno hilo likitoka mahali hapo kwa sauti hiyo. "Ujumbe. Naomba niusome kwanza."

"Nimeshausoma."

"Mpaka mwisho."

Shangazi akamtazama. Kisha, labda kwa kuchoka kutafuta, labda kwa mshangao tu, akamwekea simu mkononi. "Haya. Soma. Kwa sauti, na sisi tusikie."

Hilo ndilo neno Kimya aliloliogopa tangu siku aliyofika.  Wateja wawili wa vifungo walikuwa wakimtazama. Fundi alikuwa ameingiza kichwa dirishani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"U... me... po... kea," akasoma. "Umepokea. Elfu. Sitini."

"Jamani," mteja akasema, "tutalala hapa?"

"Mwache asome, Bosi," Fundi akasema. "Huyu kwa mwaka anatoa maneno matano. Leo tumepata zawadi."

Kidole kikasogea. Kila neno lilikuwa zito kama gunia, lakini aliyajua yote; alikuwa ameyabeba kila mchana kwa miaka miwili. Akafika mwisho. "Salio lako. Jipya. Ni. Elfu arobaini na moja."

Akainua macho. "Kabla yake lilikuwa elfu tisini na mbili, Shangazi. Mama wa magauni amelipa sasa hivi, tazama, wa kwake huu hapa. Tisini na mbili. Imeingia sitini, imekuwa arobaini na moja."

 Hata wateja wa vifungo walikuwa wakipiga hesabu vichwani.

"Hii ni pesa gani," Fundi akasema polepole, "ikiingia mfukoni inatoboa mfuko?"

"Ni mtandao," mteja akasema. "Jumamosi mtandao unasumbua kila mahali."

"Hata mimi nadhani ni mtandao," Shangazi akajibu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa tamu sana, na wote waliomfahamu walijua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. "Tuulize salio lenyewe, mwanangu, halafu twende salama. Kimya, nipe simu niweke namba ya siri."

Akabonyeza. Wakasubiri. Simu ikajibu kwa utulivu kabisa: elfu tisini na mbili.

Mteja alikuwa ameshageuka. Lakini Fundi, kwa kazi zake za miaka ishirini pale barazani, alijua upana wa ule mlango kuliko mwenye duka. Alikuwa ameisukuma cherehani yake ikaziba nusu ya kizingiti, na yeye mwenyewe akaziba nusu iliyobaki, tepu mkononi.

"Ngoja kwanza nikupime, Bosi. Naona unakokwenda wana sare zao, na mimi nazishona vizuri."

Yule mtu hakungoja kupimwa. Aliruka cherehani, mguu mmoja ukapita, wa pili ukanasa kwenye kanyagio, akajinasua, akatoka nduki. Kiatu kimoja kilibaki chini ya cherehani, kiking'aa.

Kelele zilimtoa jirani, muuza viatu, kwenye duka lake. Akafika akihema, akakiokota kiatu, akakigeuza, akatazama soli. Uso ukamshuka.

"Hiki ni changu," akasema.

"Chako vipi? Wewe ndiye uliyeruka?" Shangazi akauliza.

"Nimekiuza wiki juzi. Yaani, sikukiuza." Akajikuna shingo. "Alinilipa kwa simu, jozi sita. Kesho yake nikaangalia, hakuna kitu. Nikaona nikisema mtanicheka."

"Wiki juzi? Na hukunena?"

"Na wewe umeliwa lini?"

Shangazi akatazama pembeni. "Jumanne."

"Na hukunena."

Mama wa duka la vyombo, wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja kuona kulikoni, akakohoa kidogo. "Mimi sufuria nane," akasema, akitazama vidole vya miguu yake. Ikawa hivyo. Mtaa mzima ulikuwa umeibiwa na mtu mmoja, kila mmoja ameficha yake chini ya kaunta, na mwizi alikuwa akipita duka hadi duka kwa raha zake kwa sababu hakuna aliyemwonya mwenzake.

Mwizi mwenyewe hakufika mbali. Barabara ya nyuma ilikuwa imemwagwa kokoto wiki ile, na mtu mwenye kiatu kimoja kwenye kokoto hukimbia kama anacheza ngoma asiyoijua. Wapagazi walimkuta kwenye kona akiwa amekaa chini ameshika mguu. Wakampeleka kituoni taratibu, akichechemea, na muuza viatu nyuma yao akiwa amebeba ushahidi.

Mchana ule walikuja mmoja mmoja, wenye maduka, kila mtu na simu yake, wakijidai wanapita tu. "Hebu nionyeshe hilo la mwisho," wakamwambia Kimya. Naye akawaonyesha, kwa kidole, kwa maneno machache: soma mpaka chini, uliza salio lenyewe, ndipo utoe mzigo. Kwa muuza viatu alirudia mara tatu. Mama wa vyombo alitaka aandikiwe, kwa hiyo Kimya alichukua kipande cha boksi la uzi na kuandika kwa herufi kubwa, akichukua muda wake, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo. Hakuna aliyemharakisha.

Alasiri duka likatulia. Fundi alikuwa akipaka mafuta kanyagio lililopinda. Shangazi alikuwa ameshapeleka simu kwa fundi simu, kioo kibadilishwe, na alikuwa ameazima ya jirani akampigia binti yake. Kimya alimsikia akiwa nyuma: "Asije. Nimesema asije. Kaunta ina mtu."

Akarudi, akaketi juu ya mfuko wa vifungo, mkasi wake mapajani. Akaufuta kwa upindo wa kanga.

"Umeukalia mkasi wangu kwa makalio yako," akasema.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimeshasamehe. Ungekuchoma ndiyo ningekasirika." Akacheka peke yake. "Lakini hebu niambie kitu. Uliukalia kabla simu haijalia. Nimekaa nikawaza. Ujumbe ulikuwa bado. Ulijuaje?"

Kimya alitazama kitambaa cha buluu, mita ishirini, kikiwa bado kimetandazwa, kizima, hakijaguswa na chuma.

"Hakukigusa," akasema. "Kitambaa. Wote hukigusa. Yeye hakukigusa."

Shangazi alipiga paja kwa furaha. "Jamani! Miaka thelathini nauza vitambaa, sijaliona hilo." Akatikisa kichwa, akacheka tena, na katikati ya kicheko akasita. "Na Jumanne? Jumanne alikigusa?"

Ilikuwa rahisi kusema, sikumbuki. Shangazi angekubali, na kigoda kingebaki pale pale, na Jumatatu ingekuja kama Jumatatu nyingine zote. Barazani cherehani ilianza kukimbia. Kimya alilaza kiganja chake juu ya kitambaa cha buluu, akakikunja kwenye ngumi, akakiachia.

"Jumanne pia hakukigusa," akasema. "Nilimwona, Shangazi. Nilikuona na wewe ukichukua mkasi, nikanyamaza. Alhamisi nikausoma ujumbe wake kwa siri, nikanyamaza tena. Niliogopa nikisema utanipa simu uniambie, soma. Baba alikuambia nimemaliza darasa la saba. Sikumaliza. Niliishia la tano."